Mzee Aimbe Hadi Lini?

Mwaka 2024 bendi ya Rolling Stones ilizunguka Marekani kuanzia mwisho wa Aprili hadi Julai, na mdhamini wa ziara ile hakuwa kampuni ya bia wala ya simu. Alikuwa AARP, chama cha Wamarekani waliofikisha miaka 50 na kuendelea, ambacho shughuli zake za kila siku ni pensheni, bima na haki za wazee. Mick Jagger na Keith Richards wote wawili walikuwa na miaka 80. Mzaha ulikuwa mwingi, tiketi zikauzwa, na waliokwenda wakarudi na habari moja: mzee bado anakimbia jukwaani.

Mombasa, habari kama hiyo ikifika barazani huzaa pande mbili papo hapo. Yuko atakayesema mashallah, umri wa babu na bado anajimudu. Yuko atakayeuliza kama hana mtu nyumbani wa kumwambia sasa basi. Na ubishi haukai kwa Jagger muda mrefu, maana mji huu una wazee wake: wanaume, na wanawake wachache, waliokulia soul na roki kabla rege na bongo fleva hazijashika, ambao wamepita miaka 60 na 70 na bado unawakuta usiku na gita mkononi kwenye mahoteli ya Nyali, Bamburi na Diani, au kwenye vilabu vya Mtwapa. Waendelee au washuke?

Hoja nzito zipo kila upande. Ila nikizisikiliza naona wote wanabishania umri, na kwangu umri sio unaoamua. Kinachoamua ni kama mwimbaji ana ruhusa ya kuubadilisha wimbo. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuimba vizuri mpaka apende kuacha mwenyewe. Asiyekuwa nayo ataaibika, hata akiwa na miaka 55.

Miaka 30 iliyopita ungeweza kusema kwamba roki ni muziki wa vijana na hakuna ambaye angekubishia, kwa sababu waasisi wake walikuwa bado hawajafika miaka 80 tukaona wanakuwaje. Sasa tumeona. Juni 2022 Paul McCartney, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, aliimba karibu saa tatu kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza. Mavis Staples, mzaliwa wa Chicago mwaka 1939, alianza kuimba na baba yake na ndugu zake akiwa mtoto, na amepita miaka 80 akiwa bado safarini. Sauti yake imeshuka na kukwaruza, na hiyo hiyo ndiyo watu wanayoifuata.

Wanaopinga huanza na mwili, nao hawakosei. Sauti hutoka kwenye mikunjo miwili midogo ndani ya koo ambayo hutetemeka pumzi ikipita. Mtu akizeeka misuli yake hukonda na kukosa mnyumbuko, na gegedu za koo huanza kugeuka mfupa. Kwa wanaume wengi sauti hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Kwa wanawake wengi hushuka. Mapafu nayo hayajazi hewa kama zamani, kwa hiyo mshororo uliokuwa ukiimbwa kwa pumzi moja sasa wataka mbili. Masikio ndiyo usiseme. Mtu aliyesimama miaka 40 mbele ya spika na kando ya matoazi ya drams hawezi kutoka salama. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki ya AC/DC, aliacha ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba akiendelea huenda asisikie tena kabisa. Alirudi baadaye, lakini kwa msaada wa vifaa maalumu vya masikioni. Na mwaka 2024 bendi ya Aerosmith walitangaza kuacha ziara moja kwa moja kwa sababu koo la mwimbaji wao Steven Tyler liliumia na halikurudi lilivyokuwa.

Basi hao wanaofaulu wanafaulu vipi? Ukiwatazama kwa makini utaona ujanja mwingi kuliko nguvu. Katikati ya kila shoo ya Rolling Stones Jagger hupotea jukwaani, na Keith Richards huimba nyimbo kama mbili hivi. Mashabiki huona ni heshima kwa mwenzake, na ni heshima kweli, lakini pia ni dakika za kupumua, kunywa maji na kubadilisha shati. Jagger huyo alifanyiwa matibabu ya vali ya moyo Aprili 2019, na Juni mwaka huo huo alikuwa jukwaani Chicago. Huwezi kufanya hivyo kwa bahati tu; kila wimbo wa kasi umepangiwa mahali pake, na wa polepole umewekwa baada yake.

Elton John naye alifanyiwa upasuaji wa koo Australia mwaka 1987, na sauti yake ikawa nzito zaidi. Zile sauti nyembamba za juu alizoimba kwenye rekodi za miaka ya 1970 hakuzifukuzia tena. Alizishusha akaziimba kwa kifua, na watu wakazizoea hivyo. Kwa sauti hiyo ya chini alifanya ziara ya kuaga iliyoanza 2018 na kumalizika Stockholm Julai 2023, maonyesho zaidi ya 300.

Lakini kwangu somo kubwa kuliko yote ni Aretha Franklin, Desemba 2015, mjini Washington, kwenye hafla ya tuzo za Kennedy Center. Alikuwa na miaka 73. Carole King ndiye aliyekuwa akituzwa usiku ule, na Aretha alikuja kuimba wimbo ambao King alishiriki kuutunga na yeye akautoa mwaka 1967. Anaingia na koti refu la manyoya na mkoba mdogo mkononi. Anauweka mkoba juu ya piano, anaketi, anapiga mwenyewe. Anaanza kwa utaratibu, akiikata mishororo anapotaka, akiichelewesha, akiacha vidole vijibu pale sauti iliponyamaza. Kamera inamwonyesha Rais Obama akijipangusa jicho. Kisha Aretha anaacha piano, anasimama, anakuja mbele. Karibu na mwisho analiachia lile koti lianguke sakafuni, anainua mikono, na hapo ndipo anapoipaza ile sauti aliyoiweka akiba. Ukumbi mzima uko wima. Msichana wa miaka 25 mwenye mapafu mazima angeitumia sauti hiyo tangu ubeti wa kwanza, na kufikia wa tatu tungekuwa tumeshaizoea.

Wimbo ule haukuimbwa kama ulivyo kwenye rekodi. Ulikatwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mwanamke wa miaka 73. Angelazimishwa kuufuata ule wa 1967 mpigo kwa mpigo, sidhani kama tungekuwa tunauzungumzia.

Sasa turudi nyumbani, ambako hadithi ni nyingine.

Wanamuziki wa Mombasa wa kizazi hicho walilelewa na hoteli na bandari. Them Mushrooms walianza hapa mwaka 1972, ndugu wa familia moja, na wimbo wao "Jambo Bwana" wa mwaka 1982 ulitokana na maisha ya kuwaimbia watalii. Mwaka uliofuata Boney M wakautoa kwa namna yao Ulaya. Mombasa Roots walichanganya chakacha na disko. Slim Ali, kijana wa Mombasa, aliimba soul kwa Kiingereza akiwa na Hodi Boys miaka ya 1970, na asiyemjua angedhani amezaliwa Detroit. Miaka ya 1980 manowari za Marekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini, na mabaharia waliposhuka walitaka kusikia nyimbo za kwao. Bendi isiyojua James Brown na Otis Redding ilirudi nyumbani mapema.

Hapo ndipo kazi ya kopi, yaani kupiga nyimbo za wengine, ilipokomaa. Kupiga kopi si jambo la kudharau. Inataka sikio kali na nidhamu. Lakini ina sharti lake moja lisiloandikwa: iwe kama kwenye rekodi. Mgeni aliyetoka Manchester au Munich, na siku hizi hata Mkenya aliyeshuka na treni ya SGR kutoka Nairobi kwa wikendi, haombi tafsiri ya mzee fulani wa Kisauni. Anaomba wimbo anaoujua, kwa sauti anayoijua.

Kisha utalii ukapigwa mara kadhaa. Ghasia za Likoni mwaka 1997, shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002, maonyo ya usafiri ya Uingereza na nchi nyingine mwaka 2014. Kila mara hoteli zilizofunga zilifungua tena na wafanyakazi wachache, na bendi ilikuwa ya kwanza kupunguzwa. Ya watu saba ikawa ya wanne, ya wanne ikawa wawili, na mwisho akabaki mtu mmoja na gita lake, mbele ya muziki uliokwisha kurekodiwa unaotoka kwenye simu au flashi.

Jambo hili ni la ufundi, lakini ndilo lenye uzito. Bendi hai humfuata mwimbaji. Nimehudhuria mazoezi ya kikundi kimoja cha mjini ambapo mwimbaji, mzee wa miaka karibu 70, alijaribu ubeti wa kwanza wa wimbo wa soul, akasimama, akaelekeza kidole gumba chini mara mbili. Mpiga besi akahamisha mkono bila neno. Kijana wa kinanda akabonyeza kitufe cha kushusha kimo cha sauti mara mbili, akaendelea na vidole vile vile kama hakuna kilichobadilika. Mpiga gita ndiye aliyelalamika, maana wimbo ule kwenye ki mpya, yaani kimo kipya cha sauti, unabana mkono. Wakajaribu tena, polepole kidogo, na ile sauti iliyokuwa ikipasuka ikapata pa kukaa. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Muziki wa flashi haufuati kidole cha mtu. Ki ni ile ile aliyoimbia mwenyewe mwenye wimbo akiwa na miaka 24, kasi ni ile ile, na daraja la wimbo, ile sehemu ya kati, likifika limefika, uwe una pumzi au huna. Zipo programu za kuushusha, lakini anayelipwa kwa usiku mmoja na kununuliwa chakula mara nyingi hana vifaa hivyo, wala mtu wa kumfanyia. Kwa hiyo tunamweka mzee mbele ya saa ya kijana, tunamsikia akikosa pumzi, halafu tunasema: unaona, uzee.

Wenye kutetea kushuka jukwaani watanijibu kwamba ninalinganisha visivyolingana. Jagger ana daktari, mkufunzi wa mazoezi, waimbaji wa kumsaidia nyuma na siku za kupumzika kati ya shoo na shoo. Ni kweli, na hoja hiyo naichukua kwa mikono miwili, kwa sababu inasema ninachosema mimi: kinachoitwa kipaji kisichozeeka, nusu yake ni mpango na fedha. Lakini hainishawishi kwamba asiye na fedha hawezi. Chuck Berry, mmoja wa waliouzaa muziki wa roki, kuanzia 1996 hadi 2014 alikuwa akipiga karibu kila mwezi kwenye chumba kidogo cha mgahawa wa Blueberry Hill, mjini St. Louis, mji wake mwenyewe. Hapakuwa na safari ndefu wala uwanja wa watu elfu hamsini. Alipokwenda Chicago siku ya kwanza ya mwaka 2011, akiwa na miaka 84, alizidiwa na uchovu akaanguka jukwaani. Mtu huyo huyo, umri huo huo; nyumbani aliweza, safarini mwili ulikataa.

Na karibu zaidi na sisi alikuwepo Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013 akikadiriwa kupita miaka 100. Hakuwa wa roki wala soul, lakini mashabiki wa muziki huo Ulaya walimpokea kama mmoja wao, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia. Mbona hakuna aliyelalamika kwamba sauti yake imechakaa? Kwa sababu unyago na taarabu ya kale hazikumpimia mtu kwa rekodi. Muimbaji huongeza, hupunguza, hurefusha pale hadhira inapotaka, na mwenye kuguswa na maneno huinuka akaenda kumtunza. Tunzo hizo hutolewa kwa ajili ya ubeti uliomchoma mtu, si kwa urefu wa pumzi. Bendi za soul za hotelini hazikuurithi utaratibu huo, na nadhani zilipoteza kitu kikubwa.

Upande wa kushuka, hata hivyo, una hoja mbili ambazo siwezi kuzipita.

Ya kwanza ni hatari yenyewe. Miriam Makeba alianguka baada ya kuimba Castel Volturno, Italia, Novemba 2008, akafariki akiwa na miaka 76. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan Aprili 2016, na yeye alikuwa na 66 tu. Kuna wanaosimulia vifo hivyo kwa sauti ya kusifu, eti msanii amekufa kazini. Mimi sioni cha kusifu. Mwashi akianguka kutoka kwenye jengo hatusemi amekufa vizuri. Tunauliza kuhusu usalama wa jengo. Mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne, aliyekuwa akiugua Parkinson, alifanya kinyume: Julai 5, 2025 aliaga Birmingham, alikozaliwa, akiimba ameketi kwenye kiti cha enzi, na siku 17 baadaye akafariki. Kiti kile hakikumpunguzia chochote. Hapa kwetu mwimbaji akiketi, meneja hudhani ni mgonjwa.

Ya pili ni haki ya kuacha. Tina Turner alimaliza ziara yake ya mwisho Mei 2009, Sheffield, akiwa na miaka 69, akarudi Uswisi kuishi maisha yake hadi alipofariki 2023. Aliondoka wakati watu bado wanamtaka. Mombasa haki hiyo ina sura nyingine, nayo ni ya ibada. Juma Bhalo, gwiji wa taarabu wa mji huu, aliacha kuimba hadharani miaka kadhaa kabla ya kufariki Aprili 2014, akaelekea dini. Zein l'Abdin, mpiga udi ambaye sijui kama tutampata mwingine, aliendelea na ala yake hadi uzeeni na kufariki 2016. Mji mmoja, dini moja, fani zinazokaribiana, na kila mmoja akachagua njia yake. Mwanamuziki akisema sasa ni wakati wa tasbihi, nani atasimama kumwambia kwamba mashabiki wana haki zaidi? Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni jirani kumchagulia. Maneno ya "umri huo bado yuwashika gita" nimeyasikia yakisemwa kwa watu wasiokuwa na njia nyingine ya kula, na msemaji mwenyewe usiku huo alikuwa kwenye harusi akicheza.

Maana fedha imo ndani, na tusiizunguke. Mzee wa Kenya aliyefikisha miaka 70 na kusajiliwa kwenye mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Mirabaha nayo? Mwaka 2019 wanamuziki wengi walipokea Sh2,530 kila mmoja kutoka MCSK, chama kinachowakusanyia mirabaha, na hasira yao ikajaa mitandaoni. Isitoshe, mpiga kopi hana hata mirabaha ya kudai, kwa kuwa nyimbo alizoimba maisha yake yote ni za wengine. Akiugua, marafiki huanzisha kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa ya mchango. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini haachi, jibu kwa wengi ni fupi sana. Hata mwimbaji Leonard Cohen, ambaye hakuwa maskini, alirudi jukwaani mwaka 2008 akiwa na miaka 73 baada ya meneja wake kumtapeli akiba yake. Shida ile ikatupa baadhi ya maonyesho mazuri kuliko ya ujana wake, lakini haikuacha kuwa shida.

Lipo hili la vijana, ambalo kila mjadala wa namna hii hulifikia: wazee wameziba njia. Kwenye matamasha makubwa ya dunia hoja hiyo ina ukweli kiasi, ingawa Glastonbury ile ile ya 2022 iliyomweka McCartney wa miaka 80 Jumamosi ilimweka Billie Eilish wa miaka 20 Ijumaa, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Kwa Mombasa siioni kabisa. Nafasi za bendi hazikuchukuliwa na wazee. Zilichukuliwa na madijei na flashi. Kijana anayetaka kupiga besi katika mji huu hana ushindani na babu wa miaka 70. Ana ushindani na meneja ambaye amegundua kwamba spika mbili na kompyuta ni rahisi kuliko watu watano wanaotaka kula.

Nilimuuliza yule kijana wa kinanda, baada ya mazoezi, kama hachoki kumshushia mzee nyimbo kila siku, na kama haoni kwamba wakati umefika wa kundi kupata mwimbaji mpya. Alicheka. Akasema, "Hoteli hino yamjua ami, mimi haijui. Akishuka yeye, nami nishashuka." Ni ami huyo, yule mzee mwimbaji, ndiye mwenye namba za mameneja, ndiye anayejua ni hoteli gani hulipa mwisho wa mwezi na ipi hupiga chenga, na ndiye aliyemfundisha kwamba mgeni aliyekunywa akiomba wimbo usioujua, unampigia kiitikio tu unakimbilia mwingine.

Mzee mwingine niliyemsikia mwaka huu ndiye anayenipa taabu kuliko wote. Sauti imekwisha kabisa, na hakuna ki itakayomsaidia. Kwa huyo nakubaliana na wanaosema ashuke, lakini ashuke kwenye maikrofoni, asishuke kwenye bendi. Mkono wake wa ridhimu bado ni mzima. Mdogo wangu mpiga gita alikaa pembeni usiku mzima akiutazama. Phil Collins, mpiga drams na mwimbaji wa bendi ya Genesis, alipomaliza kazi yake London, Machi 2022, hakuweza tena kupiga drams, akaimba ameketi huku mwanawe Nic akiwa kwenye drams nyuma yake, na hakuna aliyeona kwamba baba hana kazi pale. Mzee wetu angeweza kukaa vivyo hivyo na gita, kijana akaimba. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi humlipa anayeimba, na wa nyuma yake hugawana kilichobaki. Meneja mmoja niliyemweleza wazo hili alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama kwa bei hiyo hiyo ninaweza kumpatia mmoja tu.